Maonyesho ya Kiangazi na Chungu cha Mwanachuo

Kwetu Tanzania Julai ni mwezi wa kipupwe, mwezi wa kutafuta blanketi. Kule Uingereza ni kiangazi, na kiangazi cha mwaka 2018 hakikuwa cha jina tu. Nyasi za bustani kubwa za London zilikuwa zimekauka zikawa za rangi ya kahawia kama nyasi za Dodoma mwezi wa Oktoba. Binti yangu, ambaye ni muuguzi huko, alikuwa na siku moja ya mapumziko, akaniuliza, "Baba, leo nikupeleke wapi?" Nikamwambia kwamba majumba ya wafalme nimekwisha kuyaona kwenye kalenda, mimi nataka kuona watu wa nchi hii wanachora nini. Akacheka, akanipeleka Piccadilly, katika jumba liitwalo Burlington House, ambamo Royal Academy, yaani Akademia ya Kifalme ya Sanaa, huweka maonyesho yake ya kiangazi kila mwaka.

Nimeyaandika haya miaka kadhaa baada ya siku ile, kwa sababu kuna jambo ambalo maonyesho hayo yalinifungulia na halikukubali kufungika tena. Lakini kwanza nieleze nilichokiona, maana si haki kumpa msomaji hukumu kabla ya ushahidi.

Akademia hiyo ilianzishwa mwaka 1768 chini ya Mfalme George III, mkuu wake wa kwanza akiwa mchoraji Joshua Reynolds, na mwaka 1769 wakafungua maonyesho ya kwanza. Tangu hapo haujapita mwaka bila maonyesho. Vita vya Napoleon havikuyazuia, wala vita vikuu viwili vya dunia. Janga la Uviko liliyasogeza mbele mwaka 2020 na 2021 hadi majani yalipoanza kupukutika, lakini halikuyafuta. Na sharti lake kubwa ni lile lile: mtu yeyote, awe msanii mwenye jina au karani anayechora jioni akitoka kazini, anaweza kulipa ada na kupeleka kazi yake ihukumiwe. Wanachama wa Akademia wao wana haki ya kutundika kazi zao bila kuhukumiwa. Wengine wote hupita mbele ya kamati.

Mwaka ule yalikuwa maonyesho ya 250. Kazi zilizopelekwa zilikuwa kama 20,000, na zilizotundikwa zilizidi kidogo 1,300. Mimi nimesahihisha mitihani kwa muda mrefu wa maisha yangu, na niliposikia hesabu hizo sikuwafikiria wachoraji, niliwafikiria wasahihishaji. Najua hali ya mtu aliyeketi mbele ya karatasi ya mia tatu saa kumi jioni. Najua kwamba karatasi ya kwanza haipati jicho lile lile linalopata karatasi ya mwisho, na kwamba mwandiko mkubwa uliokolezwa wino humwamsha msahihishaji hata kama jibu lenyewe ni jepesi. Hilo la mwandiko mkubwa nitalirudia.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba ukutani hakukuwa na jina la mtu. Chini ya kila kazi palikuwa na namba tu, mfano wa namba ya mtahiniwa, nawe umepewa kijitabu mlangoni: ukitaka kujua ni nani aliyechora na anauza kwa pauni ngapi, unafungua na kutafuta. Nikajiwekea utaratibu wa kutazama kwanza, kuchagua, kisha ndipo nifungue kitabu. Binti yangu alichoka na utaratibu huo mapema akaenda kutafuta kahawa. Mimi niliendelea. Katika chumba kimoja cha picha ndogondogo nilichagua kazi saba ambazo ningependa kuishi nazo nyumbani. Nilipofungua kitabu niliona kwamba sita kati ya hizo si za wanachama. Mojawapo ilikuwa mchoro wa penseli wa viti vilivyorundikwa ukumbini baada ya mkutano, kazi ya subira, haina rangi hata moja, wala haikuwa kubwa kuliko daftari la shule. Mtu aliyeichora alikuwa ametazama miguu ya viti mpaka ikaanza kufanana na miguu ya watu.

Pembeni mwa baadhi ya picha walikuwa wamebandika vitone vyekundu kuonyesha kwamba imenunuliwa. Na kwa picha za chapa, ambazo hutolewa nakala nyingi, vitone vilikuwa vimepandana kama ndui. Nilijikuta nami nikitazama vitone kabla ya picha. Ni majaribu mabaya. Picha yenye vitone ishirini hata kama ni paka tu aliyelala dirishani, unaanza kuitafutia sifa. Lakini nisiwe mkali mno kwa biashara: mapato ya maonyesho hayo husaidia kuendesha shule ya sanaa ya Akademia yenyewe, ambayo wanafunzi wake hawalipi ada, na mkuu wa chuo yeyote aliyewahi kupika uji wa wanachuo bila fedha ya mahindi ataheshimu mpango huo.

Sasa niingie kwenye chumba kikubwa. Mwenyekiti wa kamati mwaka ule alikuwa Grayson Perry, na naomba msomaji alizingatie hilo, maana Perry ni mfinyanzi. Alipewa Tuzo ya Turner mwaka 2003, na jina lake alilipatia kwenye mitungi: mitungi mirefu yenye umbo la kale, ambayo ukiisogelea unakuta imechorwa mambo ya leo, mengine ya kuchekesha, mengine ya kuumiza. Huyu ndiye aliyepewa jumba zima. Akakipaka chumba kikubwa rangi ya njano, njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, akajaza kuta tangu karibu na sakafu hadi mahali ambapo shingo yangu ilikataa kufika. Katika ukumbi wa katikati lilining'inia dubwana la vitambaa la Joana Vasconcelos, msanii wa Ureno, limejaza hewa yote ya ukumbi kwa mikono na mapambo yake. Watoto walilipenda sana. Mimi nililizunguka mara moja nikaona inatosha.

Sitasema kwamba chumba cha njano kilikuwa kibaya. Nilikuwa sijaona watu wakicheka katika jumba la sanaa, na humo walikuwa wakicheka waziwazi, wakiitana, wakinyoosheana vidole. Mtu aliyefanya nyumba ya sanaa yenye umri wa miaka mia mbili na hamsini isitishe watu amefanya kazi njema, na wako wengi wanaojiita walezi wa sanaa ambao hawajaifanya. Lakini mwalimu yeyote ameona darasa la namna hiyo. Watoto watano wananyoosha mikono huku wakisimama na kupiga vidole, "Mimi, mwalimu! Mimi!" na wewe, kwa kuwa unapenda uchangamfu, unawachagua hao hao. Yule aliye karibu na dirisha, ambaye jibu analo, ananyamaza. Katika chumba cha njano kazi zilizoshinda ni zile zilizopiga vidole. Ile picha ya viti ingetundikwa mle ingekufa siku hiyo hiyo.

Wala si kosa la Perry peke yake. Ni ugonjwa wa zamani wa maonyesho yenye kuta zilizojaa. Wanasimulia habari ya mwaka 1832, wakati Turner na Constable walipotundikwa katika chumba kimoja. Constable alikuwa ameshughulikia kwa miaka mingi picha yake kubwa ya ufunguzi wa daraja la Waterloo, yenye mashua na bendera na wekundu mwingi. Picha ya Turner ilikuwa ya bahari, ya kijivu. Siku za kumalizia kazi, Turner aliingia, akamtazama mwenzake akikoleza bendera zake, akaweka tone moja jekundu juu ya bahari yake ya kijivu, akaondoka bila kusema neno. Baadaye alirudi akaligeuza tone lile kuwa boya. Hata mkubwa kama Turner alijua kwamba ukutani pale hupimwi peke yako, unapimwa na jirani yako. Tofauti ni kwamba yeye alitumia tone moja tu.

Mwaka huo wa 2018 kulikuwa na kisa kingine kinachofaa kusimuliwa. Yule mchoraji wa kuta asiyejulikana sura, Banksy, alieleza mwenyewe kwamba alipeleka kazi kwa jina la kubuni, Bryan S Gaakman, jina ambalo ukilipangua herufi zake unapata lake. Kamati ikaikataa. Haukupita muda mrefu akapata ujumbe kutoka kwa mwenyekiti akiombwa kama angependa kupeleka kitu. Akapeleka kitu kile kile, au karibu na kile kile, nacho kikatundikwa: bango la kura ya maoni ya mwaka 2016, lililogeuzwa maneno kwa puto lenye umbo la moyo. Bei yake waliandika pauni milioni 350, kwa kuwakejeli wanasiasa waliokuwa wakiitumia hesabu hiyo.

Watu walicheka, nami nikacheka, kisha nikanyamaza. Kamati ilihukumu mara mbili. Mara ya kwanza ilihukumu bango, mara ya pili ikahukumu jina. Mimi naona ya kwanza ndiyo ilikuwa ya haki, maana bango lenyewe ni mzaha wa siku moja. Lakini nani alikumbuka ya kwanza? Na wale waliokataliwa, ambao hawakuwa na jina la pili la kutolea mfukoni, waliambiwa nini?

Nije kwenye vyombo vya udongo, ambavyo ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu. Ungetarajia kwamba mwaka wa mfinyanzi kuwa mwenyekiti ungekuwa mwaka wa ufinyanzi. Vilikuwepo: vya kuchekesha, vilivyotengenezwa kwa mfano wa wanyama na sura za watu, na vichache vya kimya. Lakini nilivikuta vimewekwa kama vitu vya kujazia nafasi kati ya picha. Chungu kina mgongo. Chungu kina tumbo. Ukikiweka juu ya rafu iliyoegemea ukuta umekifanya picha, na ni picha mbaya, kwa sababu kilitengenezwa kizungukwe. Halafu kuna hili la utaratibu: siku hizi mchujo wa kwanza unafanywa kwa kutazama picha zilizopigwa kwa kamera, na ni kazi zinazopita mchujo huo tu zinazoletwa mbele ya kamati. Kwa mchoro hasara si kubwa. Kwa chungu ni sawa na kumfanyia mtu usaili wa kuimba kwa kutazama picha yake ya pasipoti. Huwezi kujua uzito wake, huwezi kujua kama ukuta wake ni mwembamba mdomoni na mnene kitakoni, huwezi kukigonga kwa ukucha na kusikia kama kimeiva.

Akademia hiyo tangu mwanzo haikujua iviweke wapi vitu vya mikono. Katika miaka yake ya awali iliweka kanuni ya kukataa kazi za sindano, maua ya kutengeneza, karatasi za kukata na mapambo ya kombe za pwani. Hizo zilikuwa kazi za wanawake hasa. Walikuwepo wanawake wawili tu kati ya waanzilishi, Angelica Kauffman na Mary Moser. Na Johan Zoffany alipochora picha ya wanachama wakiwa wamekusanyika katika chumba cha mfano wa kuchorwa, wanawake hao hakuwaweka pamoja na wenzao, aliwaweka ukutani kama picha mbili zilizotundikwa. Baada ya hao, Akademia haikumchagua mwanamke kuwa mwanachama kamili hadi Laura Knight mwaka 1936. Nilipoisoma habari hiyo nilitikisa kichwa kwa masikitiko, kama wafanyavyo wazee wanaposoma makosa ya watu wengine.

Kutikisa kichwa huko kulinirudia usiku.

Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, sitakitaja. Nyuma ya mabweni palikuwa na banda la ufinyanzi na tanuri dogo la matofali, lililojengwa kabla sijafika, na somo hilo lilifundishwa katika Kazi za Mikono. Mwalimu wake alikuwa amehamishwa bila kuletwa mwingine, kwa hiyo tulimwomba mama mmoja wa kijijini, mfinyanzi, awe anakuja mara mbili kwa wiki. Alikuwa mtu mzima kunizidi. Nikipita nilikuwa nikimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akiitika, "Marahaba, mwanangu Mkuu," bila kuinua macho kwenye udongo. Hakutumia gurudumu. Aliviringisha udongo ukawa kama kamba, akaupandanisha duara juu ya duara, akaukwangua kwa kipande cha kibuyu, akausugua kwa kokoto laini ambayo alisema aliirithi.

Kila mwaka, siku ya mahafali, tulikuwa na maonyesho yetu ukumbini. Mkuu ndiye aliyepita siku moja kabla kuamua nini kikae wapi, kwa ajili ya mgeni rasmi. Mwaka mmoja nilikuta juu ya meza ya mbele, kando ya ramani za karatasi zilizopondwa na picha za wanyama zilizochorwa kwa rangi, vyungu vinne vyeusi. Havikuwa na ua wala mstari. Nikauliza ni vya nani. Akajitokeza mwanachuo mmoja wa kike, mwaka wa pili. Nikamwambia, na maneno yangu nayakumbuka vizuri mno, kwamba hivi ni vyombo vya jikoni, mgeni rasmi ana vyungu kwake, tunataka kumwonyesha sanaa. Hakujibu. Vikatolewa vikawekwa barazani, na kesho yake, katika zogo la magari na watu, vitatu vikavunjika. Hakuna aliyenung'unika. Mwaka uliofuata, tulipokosa mahali pa kuweka saruji ya bweni jipya, nilisaini mwenyewe banda la ufinyanzi liwe ghala. Saruji ilikwisha, banda halikurudi. Yule mama hakuja tena, wala mimi sikwenda kijijini kumweleza.

Nasema haya kwa sababu sijui namna nyingine ya kuhukumu maonyesho ya London kwa uaminifu. Mtu anayesema kamati ya watu wengine ilipendelea yenye kelele na kuviweka vyungu pembeni, ni vema aseme pia amewahi kuketi katika kamati gani.

Mwaka uliofuata, 2019, nilirudi Uingereza kumwona mjukuu aliyezaliwa, na mwezi wa Agosti binti yangu na mumewe wakanipeleka Norwich, safari ya mwendo mrefu kwa gari, katika jumba la Sainsbury Centre. Maonyesho yalikuwa ya mtu mmoja: Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Huko huko Ulaya, kwa ushauri wa mfinyanzi Michael Cardew, ndipo alipoelekezwa arudi Afrika kujifunza. Akaenda Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja ambacho Cardew alikianzisha, akafanya kazi pamoja na Ladi Kwali na wanawake wenzake wa Kigwari. Huyo Ladi Kwali ndiye ambaye Wanigeria wameweka picha yake nyuma ya noti yao ya naira 20, yuko na mtungi wake. Mfinyanzi kwenye noti! Mwaka 2020 Odundo alipewa heshima ya Dame.

Nilijua mambo machache kumhusu kabla ya kuingia. Nilichokuwa sijajua ni kwamba hatumii gurudumu. Anapandanisha udongo kwa mkono, anaukwangua, anaupaka uji wa udongo mwembamba, anausugua kwa jiwe mpaka unang'aa bila dawa yoyote ya kung'arisha. Akiuchoma moto wenye hewa ya kutosha chombo hutoka chekundu kama machungwa yaliyoiva. Akikirudisha motoni kwa mara ya pili na kukinyima hewa, hutoka cheusi. Chungu kimoja chekundu kilikuwa na madoa meusi begani mahali ambapo moshi ulipita. Vilisimama mbali na kuta, mtu aweze kuvizunguka. Nilikizunguka kimoja cheusi, chenye shingo iliyoinama kidogo kama mtu anayesikiliza mlango wa pili, na kila hatua kilikuwa chombo kingine. Hakina ua wala mstari.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, umechoka? Nikutafutie kiti?" Nikamwambia ndiyo.

Kama kazi ya uhakiki ni kupanga, basi mimi naviweka vyombo vile vya Norwich juu ya yote niliyoyaona katika chumba cha njano, na sioni haya. Lakini ni lazima niseme kwamba ulinganisho huo una dosari. Odundo alipewa nafasi, mwanga na ukimya. Hukumpitisha kwenye shindano la kazi 20,000. Inawezekana kwamba ndani ya zile zilizokataliwa mwaka 2018 kilikuwemo chungu cha namna hiyo cha mtu asiyejulikana, kilichopigwa picha vibaya jikoni kwake. Maonyesho yaliyo wazi kwa wote yana utukufu wake, na ni utukufu ambao nisingependa uondolewe. Ila uwazi wa mlango si sawa na uwazi wa macho. Ningekuwa na sauti katika kamati ile ningeomba mambo mawili madogo: vyombo vya udongo vihukumiwe kwa kushikwa mkononi, hata kama ni vichache vitakavyofika, na chumba kimoja kiachwe na kuta nusu tupu. Chumba kimoja tu. Vingine vipakwe njano.

Kiangazi cha mwaka 2021, katika Akademia ile ile, kulikuwa na maonyesho ya Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984, ambaye huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti ambacho Waganda hutengeneza. Hayo sikuyaona kwa macho; nimeletewa kitabu chake tu, kwa hiyo sitayahukumu. Lubugo katika picha zake lina mishono na matundu, naye hayafichi. Ninachoweza kukisifu ni uamuzi wake wa kutoingia peke yake. Alitenga nafasi kwa waliomtangulia wa Afrika Mashariki, kina Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Sane Wadu, na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliyeanzisha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965. Kwa mtu wa rika langu, kuona majina hayo katika kitabu cha Piccadilly ni jambo. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alisoma uchoraji London miaka ya hamsini, akarudi huko kuiwakilisha Tanganyika kama balozi baada ya Uhuru. Nasi tulijivunia ubalozi kuliko uchoraji. Hata Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1954, tulianza kumtaja magazetini alipotwaa Tuzo ya Turner mwaka 2017. Huyo mwaka 2007 alichukua sahani, mabakuli na majagi 100 ya mitumba, akayachora juu watumwa na matajiri wa mji wa Lancaster. Vyombo vya jikoni.

Niliporudi nyumbani kutoka Norwich nilimwuliza mke wangu kama anakumbuka chungu kile cha nne. Alikuwa nacho. Alikiokota barazani siku ile ya mahafali, na miaka yote hiyo kilikuwa stoo, anawekea vitunguu. Nikakitoa, nikakiosha, nikakiweka juu ya meza katikati ya chumba, mbali na ukuta, nikakizunguka. Si kazi ya Odundo. Mdomo wake umeinama upande mmoja, na mng'aro umepotea mahali palipokuwa pakiguswa na maji. Lakini ukiingiza mkono ndani unazikuta alama za vidole vyake, zimepanda duara kwa duara kutoka kitakoni, na ukigonga kwa ukucha kinalia. Nilikipindua. Chini, kabla hakijachomwa, alikwaruza namba yake ya chuo kwa kijiti: 142. Jina hakuandika. Nimewauliza walimu wawili tuliokuwa nao wakati ule, na orodha za miaka hiyo ziliharibika kwa mvua. Hatulikumbuki.